Asilimia haiponyeshi mugonjwa

Kila mwaka, kiisha TENASOSP, wazazi wa Likasi wanarudilia ulizo moja: mutoto aingie seksioni gani? Kikula, Panda, Shituru, na katika nyumba zenye kupokea jamaa waliokimbia vita, watoto wengi wanajibu mbio: "Nataka kuwa munganga." Jibu hilo linafurahisha. Kazi ni kuchagua njia ya kufika kule.

Wazazi wengine wanatuma mutoto katika sayansi kwa sifa tu, hata kama hesabu inamushinda na hakuna mutu wa kumusaidia. Wengine wanasema: heri asilimia 75 katika seksioni rahisi kuliko 54 katika sayansi. Hawa wa pili wana sababu. Diploma yenye asilimia kubwa inafungua milango, zaidi kwa mutoto anayetafuta buruse. Lakini katika Examen d'État, yenye inchi yetu inafanya tangu 1967, kila opsyo ina maulizo yake. 75 ya huku na 54 ya kule hazikupimwa kwa kilo moja.

Tena, asilimia inaishia kwenye mulango. Mwaka wa kwanza wa uganga kwenye Universite ya Lubumbashi, kilometa kama 120 toka hapa, mwanafunzi anakuta fizike, shimi na biolojia, yote kwa Kifransa. Hakuna profesa atakayemurudilia miaka ine ya sekondari. Aliyekimbia shimi Likasi ataikuta inamungojea Lubumbashi, na wakati huo muzazi amekwisha kulipa nyumba, chakula na feza ya masomo. Mwaka ukipotea, mashine ya kushona ya mama imeuzwa bure.

Munganga Denis Mukwege wa Bukavu alipata diploma yake katika biochimie mwaka 1974. Alipitisha kwanza miaka mbili katika polytechnique kule Kinshasa, kisha mwaka 1976 akaanza uganga Burundi. Leo dunia inamujua kwa Zawadi ya Nobel ya Amani ya 2018. Musingi wa sayansi ulimuruhusu kugeuza njia.

Kwa hiyo, mutoto anayetaka kweli uganga na anayejikaza katika hesabu, apelekwe katika sayansi, hata kama bulletin yake itashuka kidogo. Mbele ya kuandikisha, muzazi aulize: mwalimu wa shimi anafundisha mwaka muzima? Watoto wanagusa vyombo vya labo, ao wanaandika tu ubaoni? Na aulize fakulte yenyewe inaomba nini, asisikilize maneno ya barabarani.

Kwa familia zilizokimbia, shule ya karibu inavuta juu ya bei. Ni haki yao. Lakini waulize kama kuna sayansi pale, na kama bulletin zilipotea njiani, waende mapema kwa mukubwa wa shule na kwa ofisi ya masomo, wasingojee mwaka wa mwisho.

Na mutoto ambaye sayansi inamulemea, asipigwe wala kuchekwa. Mwalimu muzuri anahitajiwa Likasi sawa na munganga.

Siku moja mugonjwa atalala mbele ya huyu mutoto. Hataomba kuona bulletin. Ataomba mutu anayejua kazi.