Mchafuzi Asijipimie Maji

Tanki la kituo cha mafuta likivuja, petroli haitulii chini ya sakafu ya saruji. Inashuka mpaka kwenye maji ya ardhini, kisha inasafiri nayo polepole kuelekea visima vya watu. Marekani imekwisha thibitisha uvujaji wa aina hii zaidi ya nusu milioni tangu miaka ya 1980. Tiba yake inajulikana: maji yanavutwa kwa pampu, yanapulizwa hewa kwenye mnara, yanapitishwa katika mapipa ya mkaa maalumu unaonasa kemikali, kisha yanamwagwa. Mara nyingi humwagwa kwenye mtaro wa mvua, na mtaro unaishia mtoni.

Katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire, EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, ilitunga kibali kimoja cha jumla kwa kazi hii mwaka 2005, ikakihuisha 2010, 2017 na 2022. Mhusika anajaza fomu, anakubaliwa, anafungua bomba.

Wanaharakati wengi hushambulia viwango vya kibali hicho. Mimi sina ugomvi navyo. Benzini, kemikali inayoleta saratani ya damu, isizidi mikrogramu 5 kwa lita. Hicho ndicho kiwango cha maji ya kunywa nchini humo. Namba hiyo ilikuwamo tayari katika kibali cha mfano cha EPA cha mwaka 1989, na ni namba nzuri. Lakini nani anapima? Na anapima lini?

Anapima mchafuzi! Yeye ndiye anayemwajiri mtu wa kuchota sampuli, ndiye anayelipa maabara, ndiye anayeandika ripoti. Siku za mwanzo hupima mara kwa mara. Mambo yakitulia, mara moja kwa mwezi. Fisi amekabidhiwa bucha, na mizani juu yake.

Chukueni mtambo mdogo, wa lita 40 kwa dakika. Kati ya sampuli moja na nyingine, ndani ya siku 30, zaidi ya lita milioni 1.7 zimekwisha pita bila mtu kuzitazama. Na mkaa huchoka. Ukijaa, haupigi kengele, unaachia tu. Wa kwanza kuponyoka ni MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli kwa miaka mingi. Hiyo huyeyuka majini kwa urahisi, hewa ya mnara haiitoi vizuri, na mkaa huinasa kwa shida. Marekani iliacha kuitumia katikati ya miaka ya 2000, ila iliyokwisha kuzama ardhini haikusoma tangazo hilo.

Watanijibu kwamba kudanganya katika ripoti ni jinai, watu hufungwa. Ni kweli. Ila mimi sisemi habari za uongo. Sampuli iliyochotwa siku mbili baada ya kubadilisha mkaa ni ya kweli kabisa, na matokeo yake yatang'aa. Ni vigumu sheria kumbana mtu anayejua kuchagua siku.

Basi serikali ichague maabara, mchafuzi alipe. Sampuli ichotwe kila wiki, bila taarifa, tena kati ya pipa la kwanza na la pili, ambako mkaa uliochoka hujulikana kabla maji hayajafika mtaroni. Matokeo yabandikwe kituoni, chini ya kibao cha bei ya mafuta, jirani asome anapojaza gari lake.

Ni gharama kubwa mno, watasema, biashara ndogo zitafungwa. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga baadhi ya visima vyake kwa sababu ya MTBE iliyovuja, ukapoteza takriban nusu ya maji yake, ukawa unanunua ya mbali kwa miaka. Kampuni za mafuta ndizo zilizoishia kulipa mamilioni ya dola kusafisha. Ziulizeni hizo kama kupima kila wiki ni ghali.