Uso wa Mjane Si Risiti



Kila mwaka, Siku ya Maskini Duniani inapokaribia, parokia zetu za Lubumbashi huanza kukusanya unga wa mahindi, mafuta, chumvi, sabuni na nguo. Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka siku hiyo mwaka 2016, nayo ikaadhimishwa mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 2017. Makusanyo hayo ni jambo jema, wala simwombi mtu yeyote aache kutoa. Ugomvi wangu ni juu ya yale yanayofuata. Tunawaita maskini kwa majina mbele ya watu wote. Tunawapanga mstari katika uwanja wa kanisa. Tunawapa mfuko, tunawaambia waushike vizuri, kisha simu zinainuliwa. Jua halijatua, na picha zimekwisha kuenea katika makundi yote ya WhatsApp.

Nasema wazi: huo si upendo, ni biashara. Sisi tunatoa kilo chache za unga, na maskini analipa kwa uso wake.

Siwahukumu nikiwa mtu asiye na hatia. Miaka kadhaa iliyopita, msomaji wa orodha nilikuwa mimi. Nilimwita mama mmoja mjane, naye akaja akijifunika kitenge hadi puani. Mwanawe alikuwa katika darasa langu la katekisimu, akijiandaa kwa Kipaimara. Wenzake waliiona picha. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Nilipokwenda kwao, mama aliniambia kwa upole: "Mwalimu, ule unga tuliula siku nne. Ile picha ingali inatembea." Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Wazee wa mji huu walijua mstari wa namna nyingine. Wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, mfanyakazi alipokea posho kwa ajili ya nyumba yake. Alisimama mstarini akiinua kichwa, kwa maana posho ilikuwa sehemu ya malipo ya jasho lake. Kampuni ilipodhoofika katika miaka ya 1990, mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Katika mitaa yetu wamo wajane, watoto na wajukuu wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, unatuonya tusitoe kama zawadi ya huruma kile ambacho mtu anakidai kwa haki. Je, tuna ruhusa gani ya kumpiga picha mjukuu wa mchimba shaba akipokea unga, kana kwamba amezaliwa ombaomba?

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema: "Wanaochanga wanataka ushahidi." Ni haki yao. Ushahidi ni daftari, risiti za sokoni, sahihi za watu wawili, na hesabu inayosomwa mbele ya baraza la parokia. Uso wa mjane si risiti.

Wa pili atasema: "Bwana alitaka nuru yetu iangaze mbele ya watu." Ndiyo. Lakini katika mafundisho yale yale ya mlimani alikataza kupiga tarumbeta tunapotoa sadaka. Alitaka watu waone matendo mema na kumtukuza Baba. Hakutaka waone aibu ya aliyesaidiwa.

Wa tatu atasema: "Tusipowaita hadharani, wadanganyifu watajipenyeza." Mstari haujawahi kumtambua mdanganyifu. Anayemtambua ni yule aliyefika nyumbani, akaketi, akaona sufuria iliyokauka na mtoto aliyerudishwa kutoka shule ya sekondari kwa kukosa ada. Tukumbuke kwamba elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi.

Tena, orodha inayoandikwa ofisini huwaacha wengi. Mara nyingi huandikwa yule anayejulikana katika jumuiya na aliyelipa michango yake. Mpangaji aliyehamia juzi, au mgonjwa asiyetoka ndani, hana wa kumtaja. Hata Kanisa la kwanza lilianguka katika kosa hilo. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inasimulia jinsi wajane wa waamini wenye lugha ya Kigiriki walivyosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walionung'unika. Waliweka watu saba wenye sifa njema wasimamie huduma hiyo. Upendo nao wahitaji utaratibu.

Wala msiseme ninyi ni vijana, hamna fedha. Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 pale yeye na wenzake wachache walipoanzisha, mjini Paris mwaka 1833, kile kilichokuja kuwa Shirika la Mtakatifu Visenti wa Paulo. Sista Rosalie Rendu aliwafundisha njia: panda ngazi, bisha hodi, keti na familia. Walibeba mkate na kuni, lakini kwanza walibeba miguu yao.

Basi nawaomba mambo matatu. Mwaka huu, simu zibaki mifukoni. Nendeni wawili wawili, pamoja na mzee mmoja wa jumuiya, Katuba, Kenya, Ruashi, popote mnapoishi; mfuko ufike jioni, mlangoni, bila kelele. Na mrudi tena mwezi unaofuata, hata kama mikono ni mitupu, kwa maana anayekuja mara moja ni mgeni, na anayerudi ni ndugu.

Yule kijana wangu hakurudi katekisimuni. Siku hizi akikutana nami njiani hunisalimu kwa heshima, kisha hupita. Msingoje kujifunza kama nilivyojifunza mimi.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Katika mtaa wetu, ni familia gani ambayo haijawahi kuandikwa katika orodha yoyote? Nani kati yetu atabisha hodi kwao wiki hii?