VITABU VISITOLEWE KABATINI

Ndugu wanaushirika na ndugu wanakijiji wote,

Tumesikia maneno yanayopita huko kwenye mizani, kwamba mkutano mkuu ujao utaletewa ombi la kuondoa vitabu katika kabati la ofisi ili ziwekwe dawa za pamba. Wenye ombi wanasema ati vitabu vile ni vya hadithi tu, na hadithi haipaliliwi wala haivunwi. Sisi tunapinga, na sababu zetu ni hizi.

Mtu aliyejua kusoma ukubwani akikaa bila kitabu, herufi zinamkimbia. Sisi tunaoandika haya hatukupata shule utotoni. Tulianza a, e, i, o, u kwenye kisomo cha jioni, na watoto wetu wenyewe wakituchungulia dirishani na kucheka. Tulipomaliza kitabu cha kilimo cha pamba tulikirudia mpaka tukakikariri. Lakini kukariri siyo kusoma. Katika malipo ya msimu uliopita tuliwaona wenzetu wa darasa moja, waliokuwa wakiandika majina yao vizuri kabisa, wanaomba wino wa dole gumba. Na mwenye dole gumba stakabadhi yake anasomewa. Je, anayekusomea akikosea, utajuaje?

Kinachomrudisha mtu kwenye kitabu ni hamu ya kujua mbele kuna nini. Hamu hiyo hadithi inayo. Basi kabla ya mkutano tunawaomba msome hata kimoja katika hivi vitatu.

Cha kwanza ni MAISHA YANGU cha Shaaban Robert. Hiki siyo cha kubuni, mtu anasimulia maisha yake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1909 huko Tanga, akawa karani wa serikali ya kikoloni. Anaeleza alivyofiwa na mkewe, Amina. Sisi wanaume tuliozoea kumeza machungu kimya kimya, pale tunaona kwamba mwanamume anaweza kusema ameumia na heshima yake ikabaki. Maneno mengine ni magumu kidogo. Yapite tu, mbele utayaelewa.

Cha pili ni ROSA MISTIKA cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kilichotoka mwaka 1971. Kiliwahi kukatazwa mashuleni, na wapo wazazi waliotuambia kina matusi. Kweli kinasema mambo waziwazi. Lakini hebu kisomeni. Zakaria ni baba mlevi, anamchunga binti yake Rosa kwa ukali, hamfundishi kitu. Rosa anapotoka nyumbani kwenda kusoma hajui kujilinda, na dunia inampokea vibaya. Mwisho wake hatuutaji. Sisi tunasema kitabu hiki akianze baba, binti afuate.

Cha tatu ndicho tunachokipenda kuliko vyote: BWANA MYOMBEKERE NA BIBI BUGONOKA cha Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe. Myombekere na mkewe wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Myombekere haendi kutafuta mwingine. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa pombe, anaitafuta pombe. Ndugu zangu, nyumba ngapi hapa kijijini zimevunjika kwa jambo hilo hilo, na ni wanaume wangapi walifunga safari ya kwenda ukweni? Kitabu ni kinene na hakina haraka. Kinaeleza kilimo, uvuvi, salamu na dawa za wahenga wetu wa kanda hii ya ziwa. Usikisome kwa mbio.

Tena mjue kilivyopatikana. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakikupata mchapishaji. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikapigwa chapa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Mzee yule alingoja miaka 35. Sisi tunashindwa kukitunzia nafasi ya shubiri moja kabatini?

Hatusemi dawa za pamba hazina haja. Zina haja sana. Lakini dawa ni sumu, haifai kukaa ofisini watu wanapokaa. Itengewe chumba chake chenye kufuli kule ghalani, na kazi hiyo tuko tayari kujitolea.

Tunapendekeza mambo mawili kwa mkutano. Moja, kila Jumamosi jioni mmoja wetu asome kwa sauti mbele ya ghala, ili na wasiojua kusoma wasikie. Tutaanza na Myombekere. Pili, kila anayeazima kitabu aandike jina lake kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe. Asiyekumbuka herufi atakumbushwa hapo hapo, wala hatachekwa. Wino wa dole gumba kwenye daftari hilo hautakuwepo.

Elimu haina mwisho.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji