Uvumi Si Sheria

Maoni ya wananchi wa Uganda juu ya kuhalalisha bangi yamegawanyika, tangu Kakoba mjini Mbarara hadi makao ya wakimbizi ya Nakivale. Wapo waionao kuwa zao la fedha, wakitaja mashamba ya Kasese. Wapo wawakumbukao vijana walioharibikiwa na akili. Hoja zote zastahili kusikilizwa. La hatari ni uvumi kwamba bangi imekwisha ruhusiwa.

Ukweli ni huu. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu Bunge liliipitisha pasipo akidi; haikusema kuwa bangi ni halali. Mwaka huohuo Bunge liliipitisha sheria upya. Nayo bangi ya Kasese ililimwa kwa kibali maalumu cha serikali, kwa ajili ya dawa za kuuzwa nchi za nje.

Basi kila mzazi, awe askari au raia, na amweleze mwanawe mapema: kutoa maoni si kosa, lakini msokoto mmoja mfukoni waweza kumfikisha gerezani. Heri aonywe na babaye nyumbani kuliko kuonywa na hakimu akiwa kizimbani.