Kuangalia Ndege Si Mambo ya Watu wa Karen

Wacha niseme mapema, ndio mkianza kunitusi mjue mnanitusia nini: vilabu vya kuangalia ndege vinafaa kujaa vijana wa Eastlands kuliko watu wa Karen na Runda. Sisemi hivyo kwa sababu ndege ni warembo, ingawa ni warembo kweli. Nasema hivyo kwa sababu hiyo kitu mnaita kupoteza wakati ndio ushahidi rahisi zaidi ambao kijana asiye na pesa, asiye na digrii na asiye na mjomba serikalini anaweza kutengeneza kwa ajili ya mahali anapoishi.

Najua picha mko nayo kichwani. Mzungu mzee, kofia kubwa, suruali ya mifuko kumi, darubini ya bei ya pikipiki. Hiyo picha imepitwa na wakati. Hapa Nairobi kuna matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, yanaanzia pale Museum, na yanaandaliwa na Nature Kenya. Mama mmoja anaitwa Fleur Ng'weno ndiye aliyeyaanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chama chenyewe kina mizizi ya tangu 1909. Mgeni anakaribishwa kwa ada ndogo, na hakuna anayekuuliza ulisomea wapi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imeshinda watu wa kwetu. Kwa hivyo Jumatano asubuhi niko huru, na nilienda. Nilikuta wanafunzi, nikakuta wasee wanaojifunza kazi ya kuongoza watalii, nikakuta wazee wa kustaafu, wote wanaangalia mti mmoja. Mtu akisema "chozi, kwa yale maua ya kushoto", kila mtu ananyamaza. Ukikosa kumuona, unaazimwa darubini mpaka umuone. Hakuna mtu alijifanya anajua kila kitu, kwa sababu haiwezekani. Kenya ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Nairobi National Park pekee imerekodiwa aina zaidi ya 500, na ukiwa mle ndani unaona maghorofa ya tao.

Sasa tufike kwa ushahidi, kwa sababu hapo ndipo maneno yako.

Karibu na mtaa wetu kulikuwa na kidimbwi. Si ziwa, si mahali pa kupiga picha ya harusi. Ni maji na matete, yangeyange asubuhi, na wakati wa mvua vyura wanapiga kelele usiku kucha. Siku moja malori yakaanza kumwaga udongo. Watu walipolalamika, jibu lilikuwa fupi: hapo palikuwa jalala tu, hakuna kitu mnapoteza. Na hakuna mtu alikuwa na kitu cha kujibu nacho. Hakuna picha yenye tarehe, hakuna orodha, hakuna hata karatasi moja ya kuonyesha nini kilikuwa kinaishi pale. Wazee walikumbuka, lakini kumbukumbu ya mzee ukiipeleka ofisini inaitwa hadithi. Saa hii pale kuna ukuta na geti ya buluu.

Hiyo ndiyo bei ya mahali kutohesabiwa. Mtu akitaka kupachukua, anaanza kwa kusema pako tupu.

Linganisha na upande wa pili. Kila Januari watu huenda kwa maziwa ya Bonde la Ufa kuhesabu ndege wa majini, wengi wao wakijitolea tu, na hiyo kazi imeendelea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bogoria, Nakuru na Elementaita ziliingia kwa orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2011, na ndege ni sababu kubwa ya kuingia. Hakuna mtu anaweza kusimama kando ya Ziwa Nakuru aseme hapa hakuna kitu. Kuna rekodi za miaka mingi zitakazomuumbua.

Na sheria iko upande wetu kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuilinda hiyo haki bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Mradi mkubwa ukipangwa, kunatakiwa ripoti ya athari kwa mazingira, na umma unapewa nafasi ya kutoa maoni. Shida ni kwamba tukifika kwa hiyo nafasi tunaenda na hasira pekee. Hasira ni sawa, lakini orodha ya miaka mitatu yenye tarehe, saa na mahali inasumbua wakili wa mtu zaidi.

Kutengeneza orodha ni rahisi. Kuna mradi unaitwa Kenya Bird Map. Umegawanya nchi yote kwa viboksi, kila kimoja kama kilomita 9 kwa 9. Wewe unachagua kiboksi chako, unatembea angalau saa mbili, unaandika kila aina ya ndege unayoona au kusikia, na unaweza kuongezea hiyo orodha kwa siku tano. Unatuma kwa programu ya simu ya BirdLasser, ambayo ni bure. Ukishindwa kutambua ndege, kuna Merlin, nayo ni bure. Pakua pakiti ya ndege wa Kenya mahali kuna WiFi, halafu itafanya kazi hata bando ikiisha. Wengi wetu tuna simu inayotosha kwa hii kazi, na tunaitumia kuangalia mtu akila mutura Thika.

Kuna msee atasema, "Sawa, lakini Eastlands kuna ndege gani mbali na kunguru na marabu?" Buda, umewahi kuinua macho? Yule anayekuamsha saa kumi na mbili kama mtu ameibiwa anaitwa kwarara. Yule anayenyakua nyama sokoni ni mwewe. Mbayuwayu unaowaona wamejipanga kwa waya za stima kuanzia Oktoba, wengi wametoka Ulaya na Asia, na hawakulipa visa. Na sasa sikia hii: yale mabwawa ya maji taka ya Dandora, yaliyo upande wa Ruai, yako kwa orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini. Bata mwitu na ndege wa matope wanaohama wanatua pale. Choo cha Nairobi nzima kinalisha wageni wa kimataifa, na sisi tunaoishi karibu nacho hatujawahi kualikwa kuwaona. Ni mahali pa kazi, hauingii bila ruhusa, na hiyo ndiyo sababu klabu inahitajika. Kijana mmoja akiomba ruhusa anafukuzwa. Kikundi chenye barua na jina kinasikizwa.

Swali gumu ni hili: watu wana njaa, rent imepanda, kazi hakuna, na wewe unaongelesha watu ndege?

Ndio, naongea ndege. Nenda Kilifi uone. Msitu wa Arabuko-Sokoke una bundi mdogo anaitwa bundi wa Sokoke, ambaye anapatikana huko na kwa misitu michache sana mingine duniani. Huku kwetu bundi akilia juu ya paa anatupiwa mawe kwa sababu eti ameleta kifo. Kule, kuna vijana wa vijiji vya karibu wanaolipwa kwa kujua analala mti gani mchana. A Rocha Kenya walianzisha mpango mwaka wa 2001 ambapo pesa za utalii wa msitu huo na wa Mida Creek zinasaidia kulipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu. Sisemi kila mtu atakuwa gaidi wa watalii. Nairobi ndege hawatakulipia rent mwezi huu. Lakini usiniambie mazingira na tumbo ni vitu viwili tofauti. Mafuriko ya 2024 yalipopita Mathare, maji yalikuwa yanatafuta nafasi ambayo tulikuwa tumeijaza. Mahali ndege wa matete anaishi, mara nyingi ndipo mvua ingekaa badala ya kukaa sebuleni kwako.

Na sasa niwageukie nyinyi wenye vilabu, kwa heshima. Jumatano asubuhi ni wakati wa mtu asiye na bosi. Fundi, mhudumu wa M-Pesa, mwanafunzi wa Form Three, wote hawawezi. Jumapili moja ya mwezi ipo, lakini mara nyingi mtu anategemea nafasi kwa gari la mwanachama mwingine, na msee wa Kayole hajui amwombe nani. Leteni matembezi Jumamosi, mahali matatu inafika, kando ya mito yetu. Nunueni darubini tano za kuazima. Na tuongee majina ya Kiswahili kwa sauti, kwa sababu mtoto akiambiwa huyu ni mnana, yule ni chozi, anaenda nyumbani akiwa na jina la kumfundisha nyanyake. Ukimpa Kilatini, anaacha hapo hapo.

Kwenu wasomaji wangu, msingoje hao. Mnahitaji watu watatu, simu moja na saa mbili za Jumamosi asubuhi. Chagueni mahali pamoja, iwe mto, uwanja wa shule, makaburi au miti ya kanisa, na mrudi hapo hapo kila mwezi. Kurudi ndio kazi. Orodha moja ni stori, orodha kumi na mbili zinaonyesha mwaka mzima. Kabla ya kuanza, pitieni kwa mzee wa mtaa mumweleze. Kijana akisimama kando ya ploti ya mtu na darubini huku kwetu, kwanza ni mwizi, pili ni karao, na ndege anakuja nambari ya tatu. Tembeeni mkiwa wengi, na simu ikae mfukoni mkipita mahali mnapajua pabaya.

Mimi na wengine wawili tumeshachagua mto wetu. Mwezi wa kwanza tulipata aina 23, na kumi kati ya hizo hatukuwa tunajua jina. Si nyingi. Lakini zina tarehe, na malori yakija kule, kuna mtu atatoa orodha.

Niambieni nyinyi mmechagua wapi.