Mshahara Kwanza, Ushuru Baadaye

Kila bajeti inapokaribia hatukosi wa kutukumbusha kwamba Uswidi, Denmaki na Norwe hutoza VAT ya asilimia 25, nasi twanung'unikia 16. Wasemao hivyo huanza hadithi katikati. Katika nchi hizo hakuna sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa taifa zima. Vyama vya wafanyakazi na waajiri ndio hukaa wakapatana, sekta kwa sekta. Waajiri wa Denmaki walitia saini mapatano yao makuu mwaka 1899, wa Norwe 1935, wa Uswidi 1938 mjini Saltsjöbaden. VAT ya Denmaki ilikuja 1967, ya Uswidi 1969. Mfuko ulijazwa kwanza, mtoza ushuru akabisha hodi baadaye.

Hapa Kilifi tumetangulia kukata. Mhudumu wa hoteli ya Watamu mwenye hati ya mshahara hukatwa asilimia 2.75 za bima ya afya, 1.5 za nyumba, NSSF, kisha PAYE. Kibarua wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hana hata hati ya kukatwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilichunguza viwanda vya chumvi vya huko, na ripoti yake ya 2006 ikayaweka wazi malalamiko ya ardhi, mazingira na ajira. Sheria si haba: kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Asipohesabiwa hivyo, ataingiaje chamani? Nayo Sheria ya Mahusiano ya Kazi hailazimishi mwajiri kukitambua chama kisicho na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Vibarua wakibadilishwa kila mara, nusu hiyo haifiki kamwe, na mapatano hayaandikwi.

Wenye hoteli watasema mvua za Mei huwafukuza watalii. Ni kweli, lakini mkataba wa msimu haukukatazwa, na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, na chama cha wenye hoteli wamezoea kujadiliana. Wengine watataja mafuta ya Norwe. Yaligunduliwa 1969, miaka 34 baada ya mapatano, na Uswidi, iliyowahi kuwapoteza watu zaidi ya milioni moja waliohamia Marekani kwa shida, haina utajiri huo wa mafuta. Hoja nzito zaidi ni ya mvuvi wa Ngomeni na dereva wa tuktuk wa Malindi, wasio na mwajiri wa kupatana naye. Hao wanahitaji dawa nyingine, na ushuru mpya siyo.

Kabla Bunge halijaongeza makato mengine, Wizara ya Leba iwatume maafisa wake Gongoni na Marereni wakakague daftari za vibarua kwa kifungu hicho cha 37.