Kadi ya Mtandao kwa Seva Kongwe

Taasisi yenye seva kuukuu hushawishika kununua kadi ya mtandao yenye kasi kubwa, kisha kasi isionekane. Kabla ya kulipa, itazame nafasi itakamochomekwa. PCI ya kawaida ya zamani hupitisha megabaiti 133 kwa sekunde, tena kwa kushirikiana na kadi jirani. Kadi ya gigabiti 1 yaifikisha ukomoni. PCI Express ya toleo la kwanza hupitisha megabaiti 250 kwa kila njia. Kadi ya gigabiti 10 yahitaji 1,250, hivyo njia 4 hazitoshi, yafaa 8. Hakikisha pia mfumo endeshi unaitambua. Fedha ya jamii ni amana. Kununua kasi isiyo na pa kupita ni israfu.